Kwa nini Tina aliingizwa mara mbili

Mwanangu,

Marahaba. Juzi kwenye simu uliniuliza ilikuwaje mwimbaji Tina Turner aingizwe mara mbili kwenye Jumba la Heshima la Rock and Roll, kule Marekani wanakowaenzi wanamuziki, na mtu ni yuleyule. Nilikuwa na sufuria motoni. Sasa nimekaa.

Mara ya kwanza, 1991, hakuingizwa yeye. Waliingizwa Ike na Tina Turner, wawili kwa pamoja, yeye na mtalaka wake. Ike alikuwa gerezani, na Tina hakutia mguu. Ungekuwa wewe ungeenda?

Hilo jina la Tina hakupewa na wazazi wake. Alizaliwa Anna Mae Bullock mwaka 1939, akakulia Nutbush, Tennessee, kwenye mashamba ya pamba. Mwaka 1960 mwimbaji mmoja hakutokea studio, binti akaambiwa ashikilie nafasi tu. Kampuni ilipousikia wimbo ikasema sauti ibaki hiyohiyo. Ike, aliyekuwa kiongozi wa bendi, akambandika jina la Tina Turner, akalisajili liwe mali yake, ili huyu akiondoka avishwe mwingine. Jina kama sare ya kazi!

Walipata tuzo ya muziki ya Grammy pamoja mwaka 1972. Nyumbani ni kipigo. Julai 1976 walifika Dallas kwa onyesho, wametoka kupigana ndani ya gari. Ike alipopitiwa na usingizi hotelini, Tina akatoka, akavuka barabara kuu magari yakipita kasi, hadi hoteli ya ng'ambo. Alikuwa na senti 36 na kadi ya kununulia mafuta.

Kwenye talaka, 1978, aliacha fedha na haki za nyimbo. Alichong'ang'ania ni jina. (Na magari mawili ya Jaguar, hakuwa mjinga.) Madeni ya maonyesho yaliyovunjika yakamwangukia yeye, akawa anaimba mahotelini Las Vegas ili ayalipe.

Halafu 1984 ikatoka albamu ya Private Dancer, iliyorekodiwa kwa wiki chache tu, kazi kubwa ikifanyika London. Ule wimbo wa kuuliza mapenzi yanahusika vipi, ambao mwanzoni hata hakuupenda, ukashika namba moja Marekani akiwa na miaka 44. Februari iliyofuata akabeba Grammy tatu usiku mmoja. Mwaka 1988, uwanja wa Maracanã kule Rio, Brazil, walijaa watu kama 180,000.

Kwa hiyo 2021 walimwingiza peke yake. Alikuwa na miaka 81, akashukuru kwa video kutoka kwake Uswisi. Mwezi Mei 2023 akafariki. Mimi ile ya pili ndiyo ninayoihesabu.

Kaseti yangu ya Private Dancer bado ipo, kwenye boksi la viatu juu ya kabati. Ila upande wa pili, katikati ya wimbo, inaingia taarabu. Baba yako mpaka leo anasema alibonyeza kwa bahati mbaya.

Mama