Mmeuliza kama naamini damu ya Bolsena

Swali lenu la wiki hii, "Je, unaamini miujiza ya Ekaristi ya zama za kati?", limenikera na kunigusa kwa pamoja. Jibu la haraka: hapana. Bolsena, Italia, mwaka 1263, padre Petro wa Prague anaadhimisha misa moyoni ana mashaka kama kweli ule mkate ni mwili wa Kristo, hostia, yaani huo mkate wa misa, inatoa damu inalowesha korporale, kitambaa cha altareni, na kitambaa hicho mpaka leo kiko kanisa kuu la Orvieto. Sawa, ila kuna bakteria wekundu wanaoota kwenye vyakula vya wanga, mfamasia Mwitaliano Bizio aliwachunguza mwaka 1819 baada ya polenta, ugali wa kwao, kuwa mwekundu kama damu huko karibu na Padova.

Lakini mi anayenisumbua ni yule padre. Watu wanaangalia damu, mwenye mashaka wanamsahau.

Nikiwa darasa la sita nilikuwa mtumikiaji kigangoni kwetu. Jumapili moja nimeshika patena, kile kisahani cha kukingia hostia watu wanapokomunika, macho yangu yako mlangoni kwa wenzangu, hostia ikadondoka kwenye sakafu, na ilikuwa masika, watu wameingia na matope ya njiani. Foleni ikasimama. Padre wetu alikuwa mzee, magoti mabovu, hata altareni alishaacha kupiga magoti, akawa anainama tu. Siku ile alishuka magoti yote mawili, akaiokota, akaila na tope lake, akafunika pale kwa kitambaa cheupe, akaniambia, "Simama hapa, mtu asikanyage." Nikasimama mpaka misa inaisha, mama yuko benchi la tatu kainamisha kichwa. Watu walipotoka akaja na maji, akapaosha mwenyewe, akakikamua kile kitambaa, maji akayamwaga chini ya mwarobaini nyuma ya sakristia. Hakunigombeza. Miaka mingi baadaye nilienda kumwona akiwa mgonjwa, akaniambia kuna miaka aliadhimisha misa bila kuhisi chochote kabisa. "Nilikuwa napiga magoti tu, mwanangu."

Kumbe hata Papa Urbano wa Nne alipoweka sikukuu ya Mwili wa Kristo mwaka 1264, ile hati yake haitaji Bolsena, na sikukuu yenyewe ilishaanza kule Liège, Ubelgiji ya leo, kwa juhudi za mtawa Juliana. Yaani haikusimama juu ya doa la damu.

Hostia za kutoa damu zina upande mwingine unaotisha. Röttingen, Ujerumani, mwaka 1298, Wayahudi walisingiziwa kuinajisi hostia, mauaji yakaanzia pale yakasambaa miji mingi, wakafa maelfu. Hiyo siipigii goti hata nikionyeshwa kitambaa gani.

Ila Orvieto, nasema kweli, nikifika ntapiga magoti. Bakteria nawakubali bado, jibu langu la hapana sijalifuta. Ntapiga kwa ajili ya Petro, na yule mzee wetu, kama magoti yangu yatakuwa bado yanakunjika.