Kijiti cha jiwe na mfupa mzito: ni visukuku au mabaki ya juzi?

SWALI: Huwa natafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa katika miamba, ufukweni, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Nina vitu vinne vinavyonitatiza: kijiti cha jiwe cha sentimita 7, kidude cha duara chenye mchoro wa kuzunguka upande mmoja, donge zito linalofanana na mfupa, na kipande cha manjano kinachopitisha mwanga. Nilivitia siki, viwili vya kwanza vikatoa povu. Je, hivyo ndivyo visukuku?

JIBU: Ndugu msomaji, siki iweke kando. Povu lile linatokana na kaboneti ya kalsiamu, na kwenye ufuo wetu karibu kila kitu kimeumbwa kwayo: kombe, matumbawe, hata mchanga wenyewe. Kwa hiyo povu halitenganishi kipya na cha kale, na juu ya hayo siki inakula uso wa kitu, ndipo penye alama unazozihitaji.

Anza na mahali. Majabali ya matumbawe ya pwani hiyo ni miamba ya baharini ya takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu zaidi ya leo kwa mita kadhaa. Makombe yaliyomo ni ya aina zilezile zinazoishi sasa, ndiyo maana umbo peke yake halitoshi. Tazama uwazi wa ndani: kombe la kisukuku mara nyingi limejaa jiwe gumu lisilotoka kwa maji na mswaki, na limepoteza rangi na mng'ao. Magharibi ya kisiwa, upande wa Port Reitz na Changamwe, hali ni nyingine kabisa. Huko kuna miamba ya tope gumu ya enzi ya Jura, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 145, na ndani yake hupatikana belemnaiti na amonaiti, yaani wanyama wa baharini waliotoweka, wenye gamba lililojikunja.

Hapo ndipo kijiti chako kinapopata maana. Kinaweza kuwa belemnaiti, yaani sehemu ngumu ya ndani ya mnyama wa jamii ya ngisi na dome, au mwiba wa nungu wa bahari, wa ile aina yenye miiba minene kama kidole. Tazama ncha iliyovunjika kwa lenzi ya kukuza mara 10. Belemnaiti huonyesha sindano nyembamba za kalisaiti (fuwele za ile kaboneti ya kalsiamu) zikitawanyika kutoka katikati kwenda ukingoni, rangi yake aghalabu ni ya kahawia, na mwisho wake mnene huwa na shimo la umbo la pia. Mwiba hupasuka kwa mshazari, ukaacha uso bapa unaometa ukiugeuza juani. Ndani una vitundu vidogo sana, na kwenye kitako kuna kibonyeo cha kuungia na mwili. Kwa kuwa umeokota upande wa matumbawe, naelekea kwenye mwiba. Ukiona vitundu vimezibwa na jiwe, basi huenda umetoka kwenye jabali la kale.

Kidude cha duara ni kifuniko cha konokono wa baharini, kile anachofungia mlango akijirudisha ndani. Upande bapa una mzunguko, wa pili umevimba. Karibu kila mara ni kipya.

Donge la mfupa ndilo linalowapotosha watu wengi, kwa sababu wanapima kwa uzito. Baadhi ya samaki, wakiwemo kolekole wa aina fulani, huota mifupa iliyovimba, mizito na migumu wangali hai. Usiamue kwa uzito. Kwangua sehemu ndogo upate ndani, shika sindano kwa koleo, ipashe moto hadi iwe nyekundu, kisha iguse hapo kwa sekunde mbili. Harufu ya nywele zilizoungua maana yake protini bado imo, na mfupa si kisukuku. Usigusishe sindano juu juu tu, kwani jua na mawimbi huondoa protini ya nje hata kwenye mfupa wa karibuni. Kukosa harufu, kwa hiyo, si uthibitisho. Ni sababu ya kuendelea kuchunguza.

Kipande cha manjano kitie katika maji mililita 250 yaliyoyeyushwa chumvi gramu 50. Kioo kitazama. Sandarusi, yaani utomvu wa miti uliogeuka mgumu, itaelea, lakini plastiki nyingi nazo huelea, basi gusa pembeni kwa sindano ya moto: sandarusi hutoa harufu tamu ya utomvu inayokaribia ubani, plastiki hutoa harufu kali inayokera pua. Fanya hivyo nje, penye upepo.

Utakavyovihifadhi, viloweke katika maji baridi yasiyo na chumvi, ukibadilisha kila siku kwa wiki moja au zaidi, halafu vikauke kivulini. Ukiviacha na chumvi, fuwele zake hukua ndani kadiri vinavyokauka na kuvipasua.

Ndani ya Mbuga ya Baharini ya Mombasa hairuhusiwi kuokota chochote. Kwingineko, ukikuta amonaiti, mfupa uliogeuka jiwe au vigae vya kale, usichimbue. Piga picha ukiweka rula pembeni, moja ya karibu na moja inayoonyesha jabali zima, andika mahali na kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa, kisha upeleke taarifa kwenye makumbusho ya Fort Jesus. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi inalinda vitu hivyo, na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa.