Kisima kimeingia chumvi: tupande mtende gani?

SWALI: Assalaam aleikum, mtaalamu. Shamba letu liko Barka, pwani ya Batinah, Oman. Maji ya kisima yanazidi kuwa ya chumvi; tumepima tukapata desisimensi 7 kwa mita, kipimo cha chumvi. Machipukizi ya aina ya Khalas tuliyopanda yanaungua ncha za majani, lakini mitende ya marehemu baba inakunywa maji hayo hayo na bado imesimama. Jirani anasema mtende hauogopi chumvi. Je, tumekosea aina?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Jirani amesema nusu ya ukweli. Mtende hauuawi na chumvi kirahisi, ila kuishi ni jambo moja na kuzaa ni jingine. Kwa jedwali la FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mavuno huanza kushuka maji yakipita desisimensi 2.7. Yakifika 7.3 robo ya mavuno imekwenda, na kwenye 12 imekwenda nusu. Hata mitende ya baba, ukiyapima mashada yake kwenye mizani, nahofia utakuta imepungua.

Aina zinatofautiana kweli. Kwenye majaribio ya ICBA, kituo cha utafiti wa kilimo cha ardhi na maji ya chumvi huko Dubai, mitende ilimwagiliwa maji ya desisimensi 5 na ya 15: Lulu ndiyo huhesabiwa stahimilivu, Khalas iko katikati, Shahla ni dhaifu. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilijaribu miche michanga ya aina za Oman, na Umsila ikavumilia kuliko Zabad. Siri iko zaidi kwenye mizizi: aina imara huizuia sodiamu ya chumvi isipande kwenye majani, na huishikilia potasiamu yake, madini ambayo mti unayahitaji.

Lakini usiihukumu Khalas kwa kuilinganisha na mitende ya baba. Chipukizi lina mizizi michache, yote kwenye udongo wa juu ambako maji hukauka na kuacha chumvi. Kwangua udongo karibu na shina. Ukiona ukoko mweupe, hapo ndipo mizizi yake inapoishi. Msiing'oe. Mwaka wa kwanza na wa pili ipeni maji matamu mnayoweza kupata, hata ya kuchanganya na ya kisima, na mtandaze makuti makavu juu ya udongo.

Sasa jambo linaloniumiza zaidi. Chumvi haiondoki bila maji ya ziada ya kuisukuma chini ya mizizi. Watafiti wa Dubai walipendekeza mara moja na nusu ya maji ambayo mti wenyewe unatumia. Lakini Batinah bahari imeingia visimani kwa sababu tumevuta kupita kiasi, na kila pampu kubwa inaivuta zaidi. Kwa hiyo ningepunguza kinachomwagiliwa: acheni kulima majani ya mifugo, mtoe mitende isiyozaa, na maji yaliyookolewa yaisafishe mizizi ya inayobaki. Vuteni polepole kwa pampu ndogo. Kumbukeni pia kwamba mtende uliozidiwa na chumvi hunywa kidogo, hivyo kuuongezea maji ovyo ni kuyapoteza.

Mkipanda upya, chagueni Umsila au Lulu, kwa machipukizi ya mti mnaoujua. Kokwa haitoi aina ile ile, na karibu nusu ya miche yake huwa dume. Ila kabla ya kununua chochote, chukueni udongo wa kina cha sentimita 30, 60 na 90, mkaupime. Chumvi ikiwa nyingi zaidi juu kuliko chini, umwagiliaji wenu haujawahi kuisukuma, na hapo hata Lulu itaungua ncha.