Unataka Celica ya turbo uiendeshe Mwanza? Anza na maji na oili

Vijana wa Nyegezi na Igoma wakiikuta hii Celica yangu imepaki swali la kwanza huwa ni inakimbia ngapi. Inakimbia, ndio, lakini mi naomba nianze na maji na oili maana gari hizi nyingi zinafia hapo, na ya kwangu ilitaka kunifia hapohapo.

Ni Toyota Celica GT-Four ya mwanzoni mwa miaka ya 90, ile shepu ya ST185, injini 3S-GTE lita 2 yenye turbo (kifeni kinachosukumia injini hewa zaidi), inavuta tairi zote nne. Waliokuwa wanafuatilia Safari Rally pale Kenya wanaijua vizuri. Carlos Sainz alishinda nayo 1992, mwaka 1993 akashinda Juha Kankkunen na Toyota wakabeba nafasi nne za juu zote, halafu 1994 akaja Ian Duncan, Mkenya kabisa. Mjomba wangu alikuwa anasikiliza matokeo redioni, jina la Celica nikalikariri kabla sijajua hata gia ni nini. Kwahiyo nilipoikuta inauzwa nikajichanga karibu miaka miwili nikaichukua.

Nilikagua bodi, nikakagua siti, nikasikiliza turbo inavyopiga mluzi nikaridhika. Mfuniko wa rejeta sikuufungua. Ningeufungua ningekuta maji ya rangi ya chai, yaani kutu tupu.

Huku kwetu kuna tabia moja inaua magari na watu wanaiona ni ya kawaida. Gari ikichemsha fundi anang'oa thamostati (kile kifaa kinachozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) anaitupa, anajaza maji ya bomba, anakwambia imepona. Wewe ukiona mshale wa joto umelala chini unashukuru. Kumbe injini sasa haifiki joto lake la kazi, oili inakaa nzito, kompyuta inadhani bado asubuhi inaendelea kumwaga mafuta mengi, na yale maji matupu bila kolanti (dawa ya maji ya rejeta) yanakula chuma taratibu mpaka njia ndogo zinaziba. Na turbo ya hii gari inapozwa na vitu viwili, oili na maji, maji yenyewe yanapita kwenye mabomba membamba. Yangu yalikuwa yameshaanza kuziba zamani na mi sina habari.

Sasa ikaja siku ya msiba Sengerema. Kipindi hicho daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa bado (limefunguliwa Juni 2025), ilikuwa lazima uwahi kivuko, ukikikosa unakaa. Nikaikanyaga kuanzia Usagara, busti (ule msukumo wa hewa ya turbo) imejaa muda wote, nikafika Kigongo, nikaingia kwenye foleni nikazima gari hapohapo. Nikashuka nikanunua maji nikaenda kivulini.

Kosa lilikuwa pale pale kwenye kuzima. Turbo inazungushwa na moshi wa ekzozi, moshi ambao ukikanyaga sana joto lake linaweza kupita digrii 800, na shafti yake inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ikiwa imeelea kwenye oili tu. Ukizima ghafla pampu ya oili inasimama, oili iliyobaki mle ndani inaungua inaganda kama masizi, na bahati mbaya yangu maji nayo hayakuwa yanapita vizuri. Wiki chache mbele nikaanza kuona moshi wa bluu kila nikiondoka kwenye taa, afu mluzi ukageuka kama msumeno. Kuifungua, beringi zimekwisha. Kuikarabati ilinitoka hela ya ng'ombe watatu, na spea zilikuja kwa basi toka Dar.

Kwahiyo ndugu yangu, kabla hujawaza kuongeza busti au kubadilisha sailensa, hela ya kwanza iende kwenye kurudisha mfumo wa maji kama ulivyotoka kiwandani. Rejeta isafishwe, thamostati irudi, kolanti ya ukweli iingie, mipira ya maji ya zamani yote itolewe hata kama inaonekana mizima maana mpira wa miaka 30 unapasuka bila kuaga. Oili mi nabadilisha kila kilomita 4,000, sisubiri. Na safari ndefu ikiisha, kilomita mbili za mwisho naenda mdogomdogo kisha naiacha inaunguruma dakika moja au mbili ndo nazima. Mke wangu ameshazoea, anashuka na watoto wanafungua geti mi nimebaki ndani.

Kama ndo unaenda kununua, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta injini ina moto jua kuna kitu hutakiwi kukiona ikiwashwa ya baridi, mi naondoka. Ikiwa ya baridi fungua rejeta, fungua mfuniko wa oili uangalie kama kuna uji mweupe, yaani maji yameingia kwenye oili, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda zote nne, chomoa bomba la kuingizia hewa ushike shafti ya turbo na vidole. Kucheza kidogo sana kwa pembeni ni kawaida, ikicheza kwenda mbele na nyuma achana nayo.

Kuhusu petroli, haya magari ya Japani yalitengenezwa kwa petroli ya premiamu ya kwao, oktani (uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo bila kujiwakia yenyewe) karibu na 100, ambayo pampu za huku hatuna. Ukiilazimisha kupanda Isamilo na gia kubwa, mizunguko iko chini na busti inapanda, utasikia injini inagonga, na kugonga ndo kunavunja pistoni. Shusha gia mapema. Na busti iache ya kiwandani! Uzuri ni kwamba hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, gari za kawaida zinapoteza nguvu kidogo ila turbo inajazia. Ila inajazia kwa kuzunguka zaidi, kwahiyo joto nalo linaongezeka.

Halafu wale wadudu wa ziwani. Ukipita usiku maeneo ya karibu na maji siku wametoka, wanakuwa kama wingu la moshi, asubuhi rejeta yote imezibwa. Naosha kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini kwenda mbele, presha kubwa inalaza yale mapezi na hayanyooki tena kirahisi.

Siku hizi Sengerema naenda bila kukimbizana na chochote. Nafika darajani natuliza mwendo, vioo naviteremsha upepo wa ziwa unaingia, mshale wa joto umesimama katikati palepale unapotakiwa. Nikifika ng'ambo huwa napaki pembeni kwa mama mmoja anayeuza sato wa kukaanga, na naiacha inaunguruma kwanza mpaka amalize kunifungia.