Kabla Hujashika Beseni: kwa wahudumu wapya wa makao ya wazee

Ukiripoti kazini hapa Nakuru utapelekwa semina ya mawasiliano kati ya tamaduni, na utarudi na jedwali: Wakikuyu hupenda hiki, Wakalenjin hiki, Waluo, Waluhya na Wakisii vile. Lisome, lakini usilitegemee. Mji huu ulijengwa na reli na mashamba ya walowezi, na wazee tunaowatunza ni zao la mchanganyiko huo. Utamkuta nyanya Mluo aliyezaliwa kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, mzaha wake wote ni wa Kikikuyu na Jumapili bila mukimo, chakula cha kupondwa cha Wakikuyu, hataki kula. Jedwali litakuambia umpe omena, dagaa wa Waluo. Muulize yeye.

Tuanze na Kiswahili, maana wengi hudhani tukishakuwa nacho shida imekwisha. Wazee wengi wa huku walikiokota shambani, na mwalimu wao alikuwa nyapara: njoo, beba, kaa, nyamaza. Sasa wewe unaingia chumbani alfajiri, una watu wanane wa kuogesha kabla ya chai, na unasema, "Amka! Geuka! Inua mkono!" Kwako hizo ni kazi za asubuhi. Mzee aliyekamua ng'ombe wa mzungu kule Njoro au Molo kabla ya 1963 anaisikia sauti anayoijua vizuri sana. Anakaza mwili, na kwenye faili anaandikwa mkaidi. Jaribu hivi, ukimwita babu kwa Kikikuyu: "Guka, naomba tugeukie dirishani," kisha ngoja. Kungoja ndiko kunakowashinda wageni. Wakihesabu moja, mbili, wanavuta shuka.

Anayeugua ugonjwa wa kusahau mara nyingi huanza kupoteza lugha aliyojifunza baadaye. Aliyepiga nawe gumzo la Kiswahili mwaka jana leo anaweza kukujibu kwa Kinandi tu, na hajakudharau. Kwa kila mzee wa namna hiyo bandika karatasi kando ya kitanda yenye maneno ya lugha yake: maji, choo, baridi, inauma wapi. Jamaa zake watamke, wewe uandike jinsi sikio lako lilivyosikia, hata kama mwalimu wa lugha hiyo angecheka.

Kuna jambo moja ambalo kwenye zamu yangu halina mjadala. Wahudumu wawili hawaongei lugha yao ya nyumbani juu ya kitanda cha mtu asiyeijua. Mnajua mapigano ya kikabila yaliyotokea huku mwaka 1992 na tena mwanzoni mwa 2008. Waliokimbia nyumba zao usiku wamo humu, wa pande zote, wengine ukuta mmoja tu unawatenganisha. Mzee akisikia jina lake katikati ya maneno asiyoyaelewa, kisha kicheko, ana sababu gani ya kudhani mnazungumzia mpira? Huko jikoni ongeeni mpendavyo.

Sasa kuoga. Hapa ndipo kazi yetu ilipo, na hapa semina hupita haraka kwa sababu mtoa mada anaona haya.

Wakisii wana taratibu za heshima wanazoziita chinsoni, na mzazi na mtoto wake hawagusi mambo ya mwili kwenye mazungumzo. Kwa hiyo usimvizie kijana aliyekuja kumtembelea mamake Jumapili ukamwomba amtafsirie kama choo kilikuwa kigumu. Utawafedhehesha wote wawili, na utapata jibu la uongo. Tafuta mhudumu wa jinsia moja na mzee anayejua lugha hiyo. Mjukuu naye anaweza kufaa, kwa sababu katika jamii nyingi za huku bibi na mjukuu wana ruhusa ya utani ambayo mama na mwana hawana. Ndiyo maana nawaambia wageni wajiite wajukuu, wasijiite watoto. Bibi akianza kukuita "mume wangu", chukua beseni, umekubaliwa.

Kuna kijana wetu wa kutoka Bungoma, mpole kweli, aliyepangiwa kumhudumia mama mmoja Mluhya. Siku ya kwanza walisalimiana, wakaulizana nyumbani, ukoo, umeoa wapi. Mama akavuta leso akajifunika uso, na kuanzia hapo hakupokea hata kikombe mkononi mwake. Matroni alidhani wamegombana. Kumbe kijana ameoa kwenye ukoo wa yule mama, kwa hiyo mbele yake yeye ni mkwe, na mkwe hamkaribii mama mkwe, sembuse kumvua nguo. Hakukuwa na la kusuluhisha. Tulibadilisha zamu tu. Kijana akawa anamwamkia akiwa mlangoni, na mama akawa anamjibu kwa sauti kubwa na furaha. Siku hizi mtu akipokelewa tunamuuliza ukoo wake na wa mwenzi wake, na jibu linaandikwa ukurasa wa kwanza wa faili.

Mwili nao una historia yake. Mzee Mluo asiye na meno sita ya chini, au Mkalenjin asiye na mawili ya mbele, huenda aling'olewa kimila akiwa kijana. Usiandike "usafi duni wa kinywa". Ndewe za masikio zilizotobolewa na kuvutwa hazishiki barakoa. Tumia ya kufungwa kisogoni. Kilemba cha Mkorino, muumini wa kanisa la Akorino, usikiguse kabla hujaomba ruhusa, hata kama ni siku ya kuosha nywele. Na mzee aliyesimama jandoni bila kupepesa jicho hatakuambia nyonga inamuuma. Atasema "mzuri tu". Mtazame paji la uso wakati wa kumgeuza.

Majina: kina mama wengi hupenda kuitwa kwa jina la kifungua mimba. Kwanza waulize jamaa kama huyo mtoto yu hai.

La mwisho ni maneno "nataka kwenda nyumbani". Usikimbilie kumjibu "nyumbani ni hapa". Muulize kukoje huko, nani jirani, kuna miti gani. Wakati mwingine anataka kuongea tu. Wakati mwingine anakuambia anakotaka kuzikwa, na hilo si la kupuuza, hasa kwa waliooana kabila mbalimbali. Wakili Mluo S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake Wambui, Mkikuyu, alibishana mahakamani na ukoo wa mumewe, Umira Kager, kuhusu mahali pa kumzika, kwa miezi hadi mwili ukazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Kwa hiyo mzee akitamka jambo kama hilo, liandike kwa lugha aliyoitumia, bila kulirembesha, na siku na saa. Mwite mwenzako asikie, atie sahihi, kisha faili iende kwa matroni asubuhi hiyo hiyo.