Bei ya kuzuia unyevu kwenye nyumba ya mawe

Dada yangu, fundi anayetaka kukupigia plasta ya saruji chumba cha chini hapo Mji Mkongwe usimpe hata arbuni. Kuta za mawe na chokaa hupumua. Ukizifunika kwa saruji, maji yanayopanda kutoka ardhini hukwama ndani, chumvi huchanua kama unga mweupe, na plasta hubanduka. Utalipa mara mbili!

Tafuta chanzo kwanza: mfereji wa paa unaovuja, bomba, maji yanayotuama ubavuni mwa nyumba. Hapo mara nyingi ndipo penye nafuu.

Kisha upige plasta ya chokaa badala ya saruji, na fundi akutenganishie bei ya kubandua plasta ya zamani, chokaa iliyolowekwa ikaiva, mchanga (wa pwani hapana, una chumvi) na ujira. Masika yakiisha, ukuta ukauke ndipo aanze. Kibali ukaombe Mamlaka ya Mji Mkongwe.