Seramu kwanza, sanskrini mwisho

Dada, nikipaka sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, juu ya seramu yangu ya matone, usoni yanatoka matakataka meupe kama ya raba ya kufutia. Nimeuziwa feki?

Huenda hujauziwa feki mpenzi, ni haraka tu. Seramu ikiwa bado mbichi ukaanza kusugua sanskrini juu yake, vyote viwili vinavingirishana. Yalinikuta siku ya harusi: nimeketi kwenye bajaji, najitazama kwenye kioo cha dereva, kidevu kizima kimejaa vipunje na nimevaa mtandio mweusi!

Seramu matone 2 au 3 yanatosha. Yapigepige kwa viganja, kisha nenda kabandike chai au tandika kitanda. Ukigusa shavu na kidole hakinati, hapo weka sanskrini vidoavidoa na uitandaze taratibu bila kusugua huku na huku. Vipunje vikiendelea, soma viambato. Seramu au praima (ile ya kutangulia mekapu) yenye silikoni nyingi (tafuta dimethicone kwenye lebo) wakati mwingine haipatani na sanskrini nyepesi ya majimaji. Badilisha kimoja kwanza, umjue mkorofi ni nani.

Nikiwa na haraka, naweza kuchanganya vyote kiganjani?

Hapana. Sanskrini imeundwa itande usoni kama utando mmoja. Ukishaizimua, ile SPF 50 (kipimo cha kinga ya jua) ya kwenye chupa hujui imebaki ngapi. Ukibanwa na muda, ruka seramu.

Shikamoo dada. Nina vitamini C, niasinamaidi, retinoli na losheni ya uso. Nianze na ipi?

Marahaba. Retinoli ihamishie usiku. Asubuhi nawa, paka vitamini C, kisha losheni, halafu sanskrini. Mekapu kama unapaka ije juu yake. Niasinamaidi ikae popote, hata usiku, maana uso hauhitaji mkutano wa chupa nne saa 12 asubuhi. Na hiyo vitamini C ikigeuka rangi ya chai ya rangi, itupe.

Mimi ni mweusi tii. Sanskrini ya nini, na inaniacha kama nimemwagikiwa unga?

Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inakukinga kiasi, ndiyo maana huungui upesi. Lakini sisi ndio chunusi ikipona inatuachia doa jeusi la miezi, na jua hulikoleza. Si miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana, peke yake. Hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unachangia. Kupaka seramu ya madoa bila sanskrini ni kuteka maji kwa pakacha.

Unga huo mara nyingi ni zinki oksaidi au titani daioksaidi. Tafuta sanskrini yenye rangi inayokaribia ngozi yako. Rangi hiyo hutokana na oksidi za chuma, ambazo huzuia pia ule mwanga wa kawaida, kwa hiyo unapata faida mbili. Kwa mwenye ualbino mambo ni mengine kabisa: kwake sanskrini ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi, na kule hospitali ya KCMC, Moshi, ndiko ilikoanzia Kilisun, losheni iliyotengenezwa kwa ajili yao.

Nashinda ofisini. Nikipaka asubuhi imetosha?

Ukikaa mbali na dirisha, sawa. Kioo huzuia sehemu kubwa ya UVB, miale inayounguza, lakini UVA, inayozama ndani zaidi ya ngozi, nyingi inapita. Ukijifuta jasho kwa leso kwenye daladala umeifuta na sanskrini. Ukiwa juani, rudia kila baada ya saa 2. Seramu usiirudie, kausha jasho, paka sanskrini peke yake.

Nipake kiasi gani?

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. SPF hupimwa maabara kwa miligramu 2 kwa kila sentimita 1 ya mraba, na watu wengi hatufiki hata nusu yake. Kamulia mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, toka shina hadi ncha. Hiyo ni ya uso na shingo. Utaona ni nyingi, basi paka nusu, subiri kidogo, umalizie. Kama unapaka kila siku na chupa ya mililita 50 imekukalia nusu mwaka, hiyo SPF 50 hujawahi kuipata.